Sala ya Macho Wazi

Ujumbe ulimjia Subilaga katikati ya sala ya asubuhi, pale pale alipokuwa akimshukuru Mungu kwa macho.

Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, macho wazi, ameyaelekeza dirishani. Huko nje ukungu wa Rungwe ulikuwa ukiteremka juu ya migomba polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika kazini. Ndipo maandishi ya kijani yakatokea chini kabisa ya kile alichokitazama, yamelala juu ya mkungu wa ndizi. Aliyazoea. Yalikuja mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi, Kampuni ya Tunuru ilipowatakia wateja wake heri. Lakini huu ulikuwa mwezi wa pili.

Akayasoma neno moja moja, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha jioni.

*Mpendwa mkuu wa kaya. Masharti ya huduma yamerekebishwa. Kila kaya imepewa saa elfu tisini za kuona. Saa zilizokwisha kutumika zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya huduma. Kaya yako imebakiwa na saa 612. Asante kwa kuwa nasi.*

Alisoma mara mbili. Mara ya tatu namba ile ikabadilika mbele yake, ikawa 611, na dakika zikaanza kujihesabu pembeni yake.

Chumba cha pili Bupe alikuwa akiimba huku akitafuta kiatu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kila asubuhi alitafuta kiatu kile kile.

"Mama, umeona kiatu changu cha kushoto?"

"Kiko chini ya ndoo," Subilaga akajibu. Alishangaa sauti yake imetoka ya kawaida.

"Ulikionaje ukiwa huko?"

"Nilikiona jana."

Bupe akacheka. Mlango ukafunguka, ukafungwa, na hatua zake zikashuka kuelekea kanisani, alikokuwa akichora ukuta wa nyuma ya madhabahu. Mchungaji Mwasomola alikuwa amemwomba achore waumini wote wa kijiji, walio hai na waliolala, wakipanda kilima cha chai kwenda kwa Bwana. Ukuta ulitakiwa uwe tayari siku ya Pasaka. Pasaka ilikuwa siku thelathini na sita mbele.

Bupe hakuwa amepata ujumbe wowote. Tunuru humwandikia mkuu wa kaya peke yake.

Subilaga akarudisha uso wake dirishani ili amalize sala. Ukungu ulikuwa mzuri, na dakika zilikuwa zinakwenda. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alifumba macho kabla ya kusema amina.

*

Ugonjwa ulikuwa wa ukoo. Subilaga alizaliwa gizani, akaolewa gizani, akamzaa Bupe gizani. Na Bupe naye alipotoka tumboni hakugeuza kichwa kuufuata mwanga wa taa. Ambakisye, baba yake Bupe, alikuwa kipofu vilevile, na alikufa kwa pumu miaka miwili kabla Tunuru hawajafika Tukuyu. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwona mwenzake.

Kisha yakaja macho. Yalikuwa madogo kama mbegu za maharage, laini, yenye uzi mwembamba kuliko wa buibui uliokwenda kuungana na mshipa wa ubongo. Jicho lenyewe halikuona. Lilikusanya mwanga, likaupeleka kwenye mnara wa kampuni, na mnara ukaurudisha ukiwa umekuwa picha, yote hayo kabla mtu hajamaliza kupepesa. Kope zikifungwa kwa muda wa pumzi tatu, jicho lilijilaza. Zikifunguka, liliamka. Wakala aliwasomea mkataba kwa sauti siku ile: mnalipa mara moja, mnaona maisha yenu yote. Subilaga aliuza shamba la chai la marehemu, akatia dole gumba, na alasiri moja akamwona binti yake wa miaka kumi na saba akimtazama huku mdomo wazi.

"Kumbe mama wewe ni mfupi," ndilo neno la kwanza Bupe alilomwambia.

Jumapili iliyofuata, Mchungaji aliposema tufumbe macho tuombe, Subilaga hakuweza. Alijaribu, mwili ukakataa. Alikuwa amekaa gizani miaka arobaini na minane. Kulirudia giza kwa hiari yake, hata kwa dakika tano, aliona ni kama kumrudishia Mungu zawadi mkononi. Akasali akiwa anatazama. Wengine waliopata macho, saba kwa jumla pale kijijini, walipomwona nao wakaacha kufumba. Wazee wa kanisa walinung'unika. Mchungaji akasema, "Aliyetoka kaburini msimwambie alale kidogo." Tangu hapo ikawa desturi: kanisa zima likiinamisha vichwa, wao saba huinua nyuso, macho wazi, wakitazama mishumaa, mbao za dari, nzi, mikono yao wenyewe.

Nyumbani, yeye na Bupe walipiga magoti wakielekeana, wakasali huku wakitazamana. Kila jioni. Kwa miaka tisa.

*

Ofisi ya Tunuru ilikuwa kwenye barabara ya sokoni, kati ya duka la mbolea na kinyozi. Gwakisa, wakala mpya, alikuwa kijana mpole mwenye sweta lenye nembo ya kampuni. Alipomwona Subilaga akiingia na bahasha ya plastiki alisimama.

"Shikamoo, Mama Bupe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza kama mmekosea."

"Mama, na mimi nimeletewa taarifa hii leo asubuhi kama wewe. Wewe ni wa nne kuingia hapa. Wa kwanza amenitupia kiatu." Alionyesha dirisha kwa kidole, ambapo kweli ufa ulikuwepo. "Kaa, tafadhali."

Subilaga akakaa, akatoa mkataba. Kwa miaka tisa aliutunza ndani ya sanduku la vitenge, pamoja na cheti cha ubatizo wa Bupe. Aliutoa kila Krismasi, akaufuta vumbi, akaurudisha. Kwake ulikuwa hati ya shukrani. Alikuwa amejifunza kusoma, alikuwa amesoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea, lakini mkataba ule hakuwahi kuusoma. Nani hukagua zawadi aliyoombea?

"Kipengele cha kumi na tisa," Gwakisa akasema chini chini.

Akakisoma kwa kidole. *Kampuni inaweza kurekebisha masharti wakati wowote, na marekebisho yatahesabiwa tangu siku ya kwanza ya huduma.* Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba lake, nyeusi, kila mstari wa ngozi ukionekana.

"Hiki hakikusomwa," akasema.

"Najua, mama."

"Nilikuwa kipofu. Ningekisomaje?"

Gwakisa akageuza kioo cha mashine kumwelekea, labda kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa. "Hii ndiyo hesabu ya kaya yako. Bupe ametumia hizi, wewe hizi. Zako ni nyingi zaidi. Halafu kuna hizi hapa, saa elfu tatu na ushee. Mfumo umeziandika *macho bila kazi*. Ni saa ulizotazama kitu kimoja tu bila kugeuka. Kwa mfano jana jioni, dakika hamsini na mbili."

"Jana jioni nilikuwa nasali."

"Mfumo haujui kusali, mama."

"Nilikuwa namtazama mwanangu, nikisali."

Kijana akashusha macho. Kinyozi wa jirani aliwasha redio, akaizima.

"Basi niambie cha kufanya," Subilaga akasema. "Usiniambie habari za kununua saa. Nimeona bei pale mlangoni, na shamba nilishauza."

"Kipo kitu kimoja. Unaweza kuzima macho yako rasmi, saa zote zilizobaki ziende kwa Bupe. Lakini lazima aje hapa mwenyewe, aseme kwa sauti yake kwamba anakubali. Hilo sheria imelisimamia. Huwezi kumpa mtu saa zako bila yeye kujua."

"Hatakubali."

"Hapana," Gwakisa akasema. "Namfahamu Bupe. Hatakubali."

Subilaga akakunja mkataba. Alikuwa hodari wa hesabu za kichwa, kama watu wote waliokua bila karatasi. Wakitazama wawili, siku kumi na tisa, ishirini kwa bahati. Ukuta hautafika hata nusu. Akitazama Bupe peke yake, saa kumi na sita kwa siku, siku thelathini na nane. Pasaka ingepita, na siku mbili juu.

"Nikifumba tu," akauliza, "bila kuzima rasmi. Nikifumba mwenyewe, nyumbani kwangu. Kuna sheria?"

Gwakisa akazima kioo cha mashine.

"Hakuna sheria ya kope, mama," akasema.

Alipofika mlangoni kijana yule akamwita tena. "Mama Bupe. Mwambie. Mimi si mchungaji, lakini mwambie."

*

Jioni ile alijipa mlo mmoja. Alipika kande, akawasha taa kubwa, akaketi mbele ya Bupe, akamtazama. Alitazama kovu la nyusi, lililotokana na jiwe la bafuni. Alitazama rangi ya buluu iliyokaukia kwenye kucha. Alimtazama anavyotafuna upande mmoja kama baba yake, jambo ambalo zamani alilijua kwa kusikiliza tu.

"Mama, mbona unanitazama hivyo? Kama ninapanda basi la alfajiri?"

"Kula."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kula, kande inapoa."

Walipopiga magoti kusali, Subilaga alianza na swali. Alimwuliza Mungu kama kumficha mtu giza ni uongo. Alingoja. Bupe, akiwa amemwelekezea uso wake, macho wazi, aling'aa kama kawaida na hakujua kitu. Subilaga akajiambia: huyu akijua, kesho hataamka akichora, ataamka akihesabu. Kila sura atakayoitazama ataitazama kwa bei. Afadhali ale mkate wake wote akiwa na furaha kuliko aukate vipande akilia. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alipokosa jibu kutoka juu alilichukua hilo kuwa ndilo jibu. Baadaye aliona kwamba hapo ndipo alipokosea njia, kwa sababu mtu anayesali na jibu lake mfukoni hasikii lingine.

Asubuhi alirudi sokoni, akanunua miwani myeusi.

"Miwani ya jua?" Bupe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama! Tukuyu hii? Jua lenyewe unalijua?"

"Daktari amesema mwanga unanichoma."

"Mwanga upi? Wiki nzima mvua!"

"Basi ndiyo huo huo."

Nyuma ya miwani, akafumba.

Giza halikuwa geni. Lilimpokea kama nyumba ya zamani, kila kitu mahali pake: idadi ya hatua mpaka kisimani, harufu ya maziwa yanapotaka kufurika, upepo unaobadilika shavuni mtu akisimama mlangoni. Vidole vyake vilikumbuka kila kitu ndani ya siku mbili. Alitia pilipili kwenye chai mara moja tu, na Bupe alisema kumbe ni tamu. Jambo lililomchosha halikuwa giza. Ni kusema. "Umependeza." "Naona mawingu." "Hilo shati pasi haijakolea." Kila jioni alikusanya maneno hayo na kuyapeleka mbele za Mungu, akasema, haya ndiyo ya leo, nisamehe, kesho nitakuwa nayo tena.

Hakufungua macho hata kuangalia namba. Kila kufungua ni kula. Alihesabu siku kwa mafundo kwenye uzi, saa kumi na sita kwa siku, na akapanga kumwambia Bupe Jumatatu ya Pasaka. Watakaa uani, wakiwa bado na siku mbili nzima za kuona. Atamwambia polepole.

Hakujua kwamba Bupe, kwa hofu ya Pasaka, alikuwa akiamka saa tisa usiku, akinyata asimwamshe, akichora michoro ya siku inayofuata kwa taa ya mkononi mpaka jogoo awike.

*

Ijumaa Kuu, ibada ilipokwisha, watu walitawanyika kwenda kupumzika. Kanisa likabaki na harufu ya nta na ya makoti yaliyolowa. Subilaga alibaki kwenye benchi la mbele. Juu ya jukwaa la mbao Bupe alikuwa akikwangua kitu kwa kisu.

"Mama, njoo uone. Nimebakiza sura mbili tu."

Subilaga akasimama, akapanda ngazi tatu za madhabahu kwa kuhesabu. Akasikia Bupe akishuka na kusimama kando yake. Rangi mbichi ilinuka karibu sana.

"Si unakumbuka," Bupe akasema, "ulinielekeza uso wa baba kwa vidole? Ulinishika mkono, ukanionyesha pua ilivyoanza na kidevu kilivyogawanyika?"

"Nakumbuka."

"Basi mtazame. Tabasamu nimelipatia?"

Subilaga aliinua uso wake na miwani yake kuelekea ukutani. Alikuwa mbele ya madhabahu, Ijumaa Kuu. Kisha akasema kile alichozoea kusema.

"Amefanana mno, mwanangu. Ndiye kabisa."

Bupe akarudi hatua moja nyuma.

"Mama," Bupe akasema. "Hapo hakuna kitu. Ni ukuta mtupu."

Nje mtu alipita akiswaga mbuzi. Kengele ya mbuzi ilisikika mpaka ikaishia mbali.

"Jumatatu ulisifia kanzu nyeupe niliyomchorea mzee wa kanisa," Bupe akaendelea. "Tangu Jumamosi ilikuwa ya njano. Nikasema labda mama amechoka. Jana nilisimama mbele yako jikoni nikakutolea ulimi kama mtoto. Hukucheka. Umekuwa kipofu tangu lini? Yameharibika? Kwa nini hukuniambia? Tungekwenda kwa Gwakisa!"

"Hayajaharibika."

"Toa miwani."

"Bupe—"

"Toa miwani, mama."

Akaitoa. Kope zake zilikuwa zimefungwa kama za mtu aliyelala. Akamweleza kila kitu akiwa hivyo hivyo, amefumba: ujumbe juu ya mkungu wa ndizi, kipengele cha kumi na tisa, saa elfu tatu za sala, siku thelathini na nane. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushuhuda.

"Ili umalize ukuta," Subilaga akamalizia. "Nilitaka umalize ukiwa na amani."

"Amani ya nani?"

"Yako."

"Mama, wao walikubadilishia masharti bila kukuuliza." Bupe alisema polepole, kila neno likitoka kwa shida. "Wakahesabu siku zako nyuma yako, kisha wakakwambia asante kwa kuwa nasi. Na wewe ukaenda nyumbani, ukanifanyia mimi hivyo hivyo."

Subilaga akaikunja miwani mkononi. Alikuwa amemwomba Mungu msamaha wa uongo kila jioni, mmoja mmoja, lakini huu haukuwahi kumjia akilini. Alikuwa amemwibia binti yake jambo lile lile aliloibiwa yeye.

"Wiki tano," Bupe akasema. "Unajua nimetazama nini wiki tano? Pua za watu. Masikio ya Mzee Mwakatundu! Nimemtazama Mzee Mwakatundu kuliko nilivyokutazama wewe, kwa sababu nilisema mama yupo tu, mama nitamchora mwisho, nikiwa nimeiva mkono." Sasa alikuwa akilia wazi wazi. "Ningekutazama wewe. Kila siku ningekaa nikutazame wewe. Zimebaki ngapi?"

"Bado siku nne. Nimehesabu, saa kumi na—"

"Mimi naamka saa tisa usiku, mama."

Subilaga aliusikia uzi wenye mafundo ndani ya mfuko wake kana kwamba umemchoma. Akafungua macho.

Mwanga ulimwumiza kweli, safari hii bila uongo. Kwanza ukaja ukuta: kilima cha chai cha kijani kibichi, na watu mia na zaidi wakipanda, kila mtu na uso wake mwenyewe. Mgongoni mwa kilima kulikuwa na nafasi mbili nyeupe. Kisha ukaja uso wa Bupe, umekonda, umelowa, doa la njano kidevuni. Na chini ya uso huo, kijani, namba.

"Dakika arobaini na moja," akasema.

Akafumba mara moja. "Zako zote. Mimi nimeshafumba. Tazama unachotaka, mwanangu, nenda nje, ukaone—"

"Fungua."

"Nikifungua zinakwenda mbili mbili. Utapata ishirini tu."

"Siwezi kuchora kope, mama. Nataka macho yako."

Subilaga alisimama pale, mikono ikining'inia. Kila kitu ndani yake kilitaka kukataa, kubana kope na kumlazimisha mtoto achukue zote. Ndivyo alivyofanya wiki tano.

"Unakubali?" akauliza. "Dakika ishirini badala ya arobaini. Unakubali mwenyewe?"

"Nakubali."

"Kwa sauti yako."

"Kwa sauti yangu, mama. Mimi Bupe nakubali. Kaa hapo kwenye ngazi, uso dirishani."

Akakaa. Akafungua macho.

Bupe aliacha brashi na rangi. Alichukua kipande cha mkaa, akapanda jukwaani, akageuka kumtazama. Akachora mstari. Akatazama. Akachora. Mkaa ulikwaruza chokaa kama panya darini.

"Tusali kama tulivyozoea," Bupe akasema bila kusimama. "Wewe omba, mimi nachora. Ila usitikise sana midomo."

"Nitaombaje bila midomo?"

"Omba kidogo kidogo."

Subilaga akatabasamu, na Bupe akasema, "Hapo hapo, baki hivyo."

Akaanza. Hakuomba macho wala muda. Alimshukuru Mungu kwa kiatu kilichopotea kila asubuhi. Kwa ukungu. Kwa neno *mfupi*. Aliomba msamaha kwa jambo moja tu, akilitaja kwa jina lake, mbele ya yule aliyemkosea. Aliwaombea wale wengine watano walioko majumbani mwao wakihesabu. Alimwombea Gwakisa na dirisha lake. Alijaribu kuwaombea wenye kampuni, akakwama, akasema, "Hao utanisaidia, leo siwezi." Muda wote huo alimtazama binti yake, na binti yake akamtazama, kichwa kikipanda na kushuka kati ya uso na ukuta. Namba ya kijani ilishuka nayo. Subilaga hakuisoma tena. Alitazama doa la njano kidevuni.

Mwanga haukufifia. Ulikuwepo, kisha haukuwepo.

Mkaa ukanyamaza.

"Mama?"

"Nipo hapa."

"Nimefika jicho la kushoto."

Mbao za jukwaa zikalia. Hatua zikashuka taratibu, miguu ikipapasa. Mkono wenye vumbi la mkaa ukamgusa begani, ukapanda shingoni, ukafika usoni. Vidole vilisimama kwenye nyusi, vikazifuata, vikashuka kwenye kope iliyokuwa bado wazi, vikaipima urefu, kama yeye alivyomfundisha Bupe zamani kuupima uso wa baba yake.

"Inuka," Bupe akasema. "Njoo usimame karibu na ukuta. Niwe nafikia pote pawili."

Wakapanda pamoja, wakishikana. Subilaga akauegemeza mgongo wake kwenye chokaa, kando ya nafasi yake. Mkono wa kushoto wa Bupe ukabaki usoni pake. Wa kulia ukaenda kando ya sikio lake, ukapapasa, ukatafuta mahali mchoro ulipoishia. Kisha sauti ile ikaanza upya, polepole, mkaa juu ya ukuta, karibu sana na sikio.

Sala ilikuwa imebaki neno moja. Subilaga alikuwa nalo tayari ulimini. Hakulisema. Alisimama kimya, macho wazi gizani, akingoja mkono ule umalize.